Siku Ile Hasa Ilikuwa Lini?

Barua za safari hii nimezisomea barazani kwangu hapa Tanga, kalenda za marehemu baba zikiwa pembeni. Baba alikuwa karani wa stesheni Korogwe. Tangu mwaka 1957 hakutupa kalenda hata moja, na kila kisanduku alikiandika kwa penseli: mvua ya kwanza, treni iliyochelewa, harusi ya shangazi. Miaka 34 nilipofundisha historia sekondari nilikuwa nazo kabatini. Wanafunzi walizipenda kuliko kitabu, maana zinaonyesha siku kubwa kama ilivyoonekana na mtu aliyekuwa kazini siku hiyo.

“Shikamoo Mwalimu. Tumeambiwa darasani kwamba Uhuru wa Tanganyika ulipangwa siku nyingine kabisa, si tarehe 9 Desemba. Ni kweli? Halafu mwenge ulipandishwa Kilimanjaro tarehe 8 au 9?” – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Ujiji

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na aliyekuambia ni mwalimu msomaji.

Machi 1961 ulifanyika mkutano wa katiba katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Upande wa Waingereza uliongozwa na Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, na upande wetu Julius Nyerere. Mkutano ulikubaliana kuwa Tanganyika ipate madaraka ya ndani tarehe 1 Mei 1961 na uhuru kamili tarehe 28 Desemba mwaka huohuo. Baadaye tarehe ikawahishwa, ikawa 9. Kwa hiyo siku tunayoiimbia tangu utotoni ni siku ya pili kuchaguliwa. Kwangu jambo hili ni zito. Linatukumbusha kuwa watu walikaa mezani, wakabishana, wakapanga na kupangua. Uhuru haukushuka kama mvua.

Sasa mwenge. Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9, na kilele kile, ambacho Wajerumani walikiita kwa jina la mfalme wao Wilhelm, kikawa Uhuru. Usiku huohuo katika Uwanja wa Taifa, mbele ya Prince Philip aliyemwakilisha Malkia, bendera ya Mwingereza ilishushwa saa sita na yetu ya kijani, njano na nyeusi ikapanda.

Je, hiyo ni tarehe 8 au 9? Inategemea unayemuuliza. Karani wa serikali atakwambia Ijumaa iligeuka Jumamosi saa sita usiku. Bibi yangu mzaa mama angekwambia ni usiku wa Jumamosi tangu magharibi, kwa kuwa kwetu siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hesabu yake Nyirenda aliuanza mwinuko wa mwisho siku yenyewe ya Uhuru ikiwa imeshaingia. Katika kalenda ya baba ya mwaka 1961, visanduku vya tarehe 8 na 9 vimepakana. Neno UHURU ameliandika kwa herufi kubwa, likaanzia cha kwanza na kuishia cha pili. Hakuandika kingine. Wiki nzima iliyofuata ni tupu, naye alikuwa mtu wa kuandika kila siku. Nimemuuliza mama mara nyingi baba alikuwa wapi wiki hiyo. Jibu lake ni moja: “Nani alikuwa nyumbani?”

Ongeza hili kwenye daftari lako: tarehe 9 Desemba 1961 hatukuwa jamhuri. Malkia wa Uingereza alibaki mkuu wa nchi kwa mwaka mzima, na gavana, Sir Richard Turnbull, akageuka kuwa gavana mkuu. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili akajenge chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Jamhuri ilizaliwa 9 Desemba 1962. Wenzetu wa Kenya walifanya vilevile: uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. Siku moja inabeba mambo mawili, la pili likamezwa na la kwanza.

“Mwalimu, kwa nini Azimio la Arusha na kuzaliwa kwa CCM vyote ni tarehe 5 Februari? Ni bahati tu?” – Fundi cherehani, Kilosa

Si bahati hata kidogo, ndugu yangu. Na kuna la tatu ambalo wengi hawalitaji: Afro-Shirazi Party ya Zanzibar iliundwa tarehe 5 Februari 1957. TANU, chama kilichotawala Bara, na hiyo ASP zilipoamua kuungana, zilichagua siku ambayo ASP inatimiza miaka 20 na Azimio linatimiza miaka 10. Chama kipya kikazaliwa 5 Februari 1977, tena Zanzibar. Kila upande ulijiona ndani ya tarehe ile. Hapo waliocheza na kalenda walikuwa mafundi kama wewe: kitambaa kimoja, mishono miwili, na hakuna aliyeambiwa akae nje.

Lakini Azimio lenyewe, lile tamko la ujamaa na kujitegemea, halikupitishwa tarehe 5. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na huko ndiko lilikokubaliwa. Tarehe 5 Februari ni siku lilipotangazwa, na lilitangazwa Dar es Salaam. Jina limebaki la mji wa kikao, tarehe imebaki ya siku ya kutangaza. Nilipokuwa nasahihisha mitihani niliwahi kumkuta mtoto aliyeandika “Januari 29” akakatwa alama na msahihishaji mwenzangu. Nilibishana hadi alama ikarudishwa. Mtoto yule alikuwa amesoma zaidi ya tulivyomfundisha.

Siku moja baada ya kutangazwa, yaani tarehe 6, benki zikataifishwa. Watu wakaanza matembezi ya kuunga mkono, na Oktoba mwaka huo Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa chama. Hiyo safari haina siku yake katika kalenda. Ningekuwa na uwezo ningeipa.

“Hujambo Mwalimu? Kwetu Kenya ukisema Saba Saba watu hukumbuka mabomu ya machozi. Rafiki yangu wa Dar anakumbuka maonyesho ya biashara na aiskrimu. Inakuwaje siku moja iwe na sura mbili?” – Mhudumu wa maktaba, Kisumu

Sijambo, dada. Sura ni zaidi ya mbili.

Ya kwanza ni ya Jumatano, 7 Julai 1954, wajumbe wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, walipokutana Dar es Salaam na kukigeuza chama chao kuwa TANU. Baada ya uhuru siku hiyo ikawa sikukuu, kwa miaka mingi ikiwa ya wakulima, kabla wakulima hawajahamishiwa Nane Nane, yaani 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na maonyesho ya biashara pale barabara ya Kilwa. Ya kwenu ni ya 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi Kamukunji, Nairobi, siku ya tarehe 7 Julai. Walikamatwa tarehe 4, watu wakaenda bila wao, na damu ikamwagika. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kikafutwa. Hivyo siku ileile iliyozaa chama kilichokuja kuwa pekee kwetu, kwenu ilifungua njia ya vyama kuwa vingi.

Kuna ya tatu, nayo ni yetu sote: mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini 30 Novemba 1999, ulianza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000, miaka 23 baada ya ile ya kwanza kuvunjika. Na ya nne unaiadhimisha maktabani kwako. UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na tarehe ilichukuliwa kule kwa TANU, iliyoamua kutumia Kiswahili kuwaunganisha watu katika kudai uhuru. Ukiweka meza ya vitabu mwaka huu, weka na picha ya Kamukunji. Itakaa vizuri pale.

“Shikamoo Bi Mwalimu. Mjukuu wangu ameniuliza siku yangu ya kuzaliwa nikashindwa kumjibu. Kitambulisho kinasema Januari mosi. Nasikia hata Mwalimu Nyerere aliitwa jina la mvua. Wakubwa walijuaje siku zao?” – Mkulima wa viazi, Njombe

Marahaba mama, ingawa nadhani mimi ndiye ninayepaswa kukuamkia.

Barua yako nimeirudia mara tatu kwa kuwa ni barua yangu. Cheti changu kinasema 1 Julai 1954. Karani mmoja wa shule aliyekuwa na foleni ndefu ndiye aliyenipa tarehe hiyo; darasa letu lilikuwa na watoto 11 waliozaliwa siku moja. Mama alikuwa na yake. Alisema nilizaliwa Mfungo Sita, usiku wa Alhamisi, Maulidi yameshasomwa, mwaka ule wa TANU. Kwa wasiokaa pwani: miezi yetu tunaihesabu kuanzia kufungua Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea, Mfungo Sita ndio mwezi aliozaliwa Mtume. Nilipostaafu nilikaa chini na jedwali la miezi. Mfungo Sita ya mwaka ule iliangukia Novemba. Alhamisi zilizokuwa baada ya Maulidi zilikuwa tatu: tarehe 11, 18 na 25. Na usiku wa Alhamisi, kama nilivyomweleza mtoto wa Ujiji, ni ule ambao kalenda ya ukutani inauita Jumatano. Kwa hiyo nilizaliwa usiku wa tarehe 10, au 17, au 24. Nilimpelekea mama karatasi ile. Alikuwa haoni vizuri tena. Nikamsomea, akasema, “Ya katikati. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua.” Nikaangalia: usiku wa tarehe 17 mwezi ulikuwa umepita wiki moja tangu kuwa mpevu, umebaki nusu, unachomoza usiku wa manane. Alikuwa na kalenda yake juu ya paa miaka yote ile.

Nyerere naye alizaliwa katika hesabu ya namna hiyo. Tarehe inayotumika ni 13 Aprili 1922, Butiama, kwa Chifu Nyerere Burito na mama yake Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa chifu. Siku hiyo mvua ilinyesha, na mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Jina la baba nalo ni tarehe. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi jeshi, wale wanaovamia mashamba. Chifu alizaliwa mwaka walipotokea wengi. Basi ukitamka “Kambarage Nyerere” unataja mvua ya mwana na viwavi vya baba, misimu miwili ya ukoo mmoja. “Julius” lilikuja mwishoni, alipobatizwa Desemba 1943, mtu mzima wa miaka 21.

Hapa nje kidogo ya mji wetu wa Tanga, Vibambani huko Machui, alizaliwa Shaaban Robert, na tarehe yake inatajwa kuwa 1 Januari 1909. Unaona, mama, na mshairi wetu mkubwa yuko Januari mosi pamoja nawe. Alifariki Juni 1962. Aliuona uhuru kwa miezi sita na siku chache.

Mjukuu wako mwambie hivi: bibi atanihesabia. Kisha muulize mdogo wako, au jirani wa rika lako, viazi vilikuwa vinapandwa au vinavunwa, barabara ilikuwa imefika au bado, nani alizaliwa kabla yako na nani baada. Nitumie majibu tuhesabu pamoja.

“Assalaam alaykum Bibi. Babu yangu alizaliwa Unguja na mimi nimezaliwa huku. Kila ikifika 27 Agosti naona watu wanaandika kwa kicheko juu ya ‘vita vya dakika 38’. Nataka kujua Sayyid Khalid aliishia wapi, na walikufa wangapi.” – Msomaji wa Muscat

Wa alaykum salaam mwanangu. Ahsante kwa kuuliza swali la pili. Wanaoandika kwa kicheko huwa hawaliulizi.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid, mwana wa Sayyid Barghash, akaingia kasri siku hiyohiyo bila idhini ya balozi wa Uingereza, na kwa mkataba wa wakati huo idhini ilitakiwa. Akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili meli za Admirali Rawson zikaanza kupiga. Kasri sehemu kubwa lilikuwa la mbao, limejaa watu: walinzi, watumishi, watumwa, raia waliokuja kumuunga mkono. Wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, kila aliyepita Forodhani akiiona. Kwa mtu aliyekuwa ndani ya Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri lile, dakika zile hazikuwa fupi. Sipendi kabisa namna saa ya mkononi ilivyowekwa mahali pa maiti.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa humo zaidi ya mwezi, Waingereza wakimsubiri nje wamkamate akikanyaga ardhi ya Unguja. Hakukanyaga. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa kupita kawaida, mashua ya meli ya kivita ya Kijerumani Seeadler ikafika hadi lango la bustani ya ubalozi, naye akapanda moja kwa moja kutoka mlangoni. Kila mvuvi anajua bamvua huja lini. Wengine wakaitegemea sheria, yeye akatolewa na bahari.

Aliishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika vita kuu. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akaishi Mombasa na kufariki huko mwaka 1927. Ule upepo wa Unguja aliusikia kwa mbali tu. Ukija pwani, inshallah, simama mbele ya Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa 1883 na baba yake, likayapita mabomu yale likiwa limesimama. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020, kwa uchakavu, bila meli yoyote.

“Mwalimu, bibi yetu alikuwa akisema babu yake alibebeshwa mizigo na Mjerumani, na kwamba ‘vita vilikwisha lakini wao hawakuambiwa’. Inawezekana?” – Dereva wa lori, Tunduma

Inawezekana, tena bibi alisema kweli tupu, na palipotokea ni mwendo mfupi kwa lori lako.

Dunia inakumbuka 11 Novemba 1918 kuwa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Siku hiyo jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado linatembea kaskazini mwa Zambia ya leo. Lilikuwa limetoka Msumbiji, likapita kusini mwa nchi yetu na kuvuka mpaka. Tarehe 13 liliingia Kasama. Habari za kusitisha vita zilimfikia kamanda siku mbili tatu baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza, karibu na mto Chambeshi, na leo pana mnara hapo. Kisha likatembea hadi Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, na kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba. Wiki mbili kamili baada ya ile siku ya dunia.

Waliojisalimisha walikuwa Wazungu wasiofika 200, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi zaidi ya 1,500. Tazama nani walikuwa wengi. Upande wa Waingereza wapagazi walikuwa wengi mno zaidi, na waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria walikuwa makumi ya maelfu. Kambi yao imeacha jina Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, yote kutoka “Carrier Corps”. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

La babu wa bibi yako mnalo bado. Safari yako ijayo ya upande ule, pita Mbala, uliza ziliposalimishwa silaha. Kisha niandikie jina lake, kijiji alichotoka, na lolote ambalo bibi alisema alibeba. Visanduku vya Novemba katika kalenda ya baba bado vina nafasi, na penseli yake ninayo.